Wito Hauhitaji Kola

Hapa Kisumu, ukisema una wito, utaulizwa unaanza lini chuo cha theolojia. Dhana kwamba Mungu huwaita wachungaji, mapadre na masista tu imekita mizizi, hata muuza omena (dagaa) wa soko la Kibuye hujiona yuko kando ya kazi ya Mungu mpaka Jumapili ifike.

Maandiko hayasemi hivyo. Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila (Matendo 18:3), na hakulionea haya jambo hilo. Aliwakumbusha Wathesalonike kwamba alichapa kazi usiku na mchana. Lidia, mwanamke aliyeamini mahubiri ya Paulo, aliuza nguo za zambarau. Mwaka 1520 Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa wa Ujerumani, aliandika kuwa fundi viatu, mhunzi na mkulima wote ni makuhani, kila mmoja katika kazi yake. Wakatoliki nao, kwenye Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Vatikano, walitamka mwaka 1964 kwamba waumini wote wameitwa kwenye utakatifu.

Kosa jingine, na kwangu ndilo zito zaidi, ni kudhani kazi, hata ile ya madhabahuni, hununua neema. Waefeso 2:8-10 hutanguliza neema, ndipo matendo mema yafuate. Gorogoro (kopo la kupimia) ya omena isiyopunjwa imo katika matendo hayo.