Je, wajua kwa nini samaki huyu wa Ziwa Tanganyika ana mdomo wa upande?

Mara ya kwanza kumwona, mwaloni Kibirizi hapa Kigoma, nilidhani kaumia. Mdomo umekwenda kulia kama wa mtu anayenong'ona. Wataalamu humwita Perissodus microlepis, wa jamii moja na perege na kuhe, na chakula chake ni magamba ya samaki wenzake, huyanyofoa wakiwa hai. Mwenye mdomo wa kulia huvizia kwa nyuma na kushambulia ubavu wa kushoto. Mwenye wa kushoto hufanya kinyume chake.

Nikajipa jibu: kauma upande mmoja tangu utotoni, mdomo ukapinda kama kandambili inavyolika upande, kisha akawarithisha wanawe. Nilikosea, na nilikosea kwa miaka. Wanawake wa Ujiji wametoga masikio vizazi na vizazi, lakini bado kila binti huzaliwa na masikio yasiyo na tundu. Umbo lililopatikana kwa matumizi halimfikii mtoto.

Jibu sahihi ni kwamba aina zote mbili tayari zimo ziwani. Swali ni ipi inashiba na kuzaa zaidi.

Chukua mtaa wenye wezi. Wengi wao wakipitia mlango wa uani, sungusungu wote watakesha uani. Mwizi mmoja anayependa mlango wa mbele ataingia akipiga mluzi. Wenye mtindo wake wakiongezeka, doria itahamia mbele, na uani kutakuwa neema tena. Ziwani ni hivyo hivyo: wa kulia wakizidi, mawindo hulinda zaidi ubavu wa kushoto, na wa kushoto hunenepa. Uteuzi wa asilia, mchana kweupe.

Mwaka 1993 mtafiti Mjapani, Michio Hori, alichapisha hesabu zake za miaka mingi: aina hizo mbili hupanda na kushuka kwa zamu, zikizunguka nusu kwa nusu.

Hori aliona upande wa mdomo ni jambo la jeni moja tu, yaani kipande kimoja cha urithi kutoka kwa wazazi. Hapo wengine wanasita, maana waliopima midomo baadaye walikuta samaki wengi wamepinda kidogo sana, si makundi mawili yaliyo wazi kama jeni moja ingeleta, na inaelekea mazoezi ya utotoni humzoesha samaki upande wake. Basi kandambili yangu haikuwa upuuzi mtupu. Ila mtoto wa samaki hairithi.