Mipango ya chekechea: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kufuata anachopenda mtoto ni kumwacha acheze, mwalimu apumzike.

Kazi ya mwalimu ndipo inapoongezeka. Chukua watoto wa miaka minne wanaocheza duka. Mwalimu anakaa karibu nao dakika tano na daftari lake, anaandika anachokiona na kukisikia, si maoni yake. "Mzito wa hesabu" haimsaidii yeyote. Lakini "ametaja namba hadi 10, alipoombwa vizibo 4 vya soda akajaza kiganja" inampa mwalimu kazi ya kesho: mtoto anajua wimbo wa namba, ila hajashika kwamba kila kizibo kinapata namba yake moja, na kwamba namba ya mwisho ndiyo idadi.

Basi kesho kona ya duka inapangwa bidhaa za bei ya kizibo 1 hadi 5, na muuzaji anahesabu malipo kwa kugusa kizibo kimoja kimoja. Akimudu siku tatu mfululizo, bei ipande hadi 8. Duka ni anachokipenda. Kuhesabu vitu ndiko anakokuhitaji. Andalio la somo lisilotaja vyote viwili halijakamilika.

Dhana: Ukiwafuata watoto umeuacha mtaala.

Mtaala wa awali Tanzania, kama ule wa PP1 na PP2 Kenya (miaka miwili ya awali kabla ya darasa la kwanza), unadai umahiri, yaani kile mtoto anachoweza kufanya. Huo unabaki palepale. Kinachobadilika ni njia, yaani mada wanayoipenda watoto: duka, siafu au bajaji.

Dhana: Mtoto wa miaka mitatu asiyeandika herufi amechelewa.

Hii ndiyo inayowaumiza watoto zaidi. Misuli ya mkono hukomaa kuanzia begani, vidole vikafuata. Watoto wengi hunakili duara wakiwa na miaka 3 hivi, msalaba karibu 4, pembetatu karibu 5. Na herufi A ina mistari ya mshazari kama pembetatu. Mtoto anayelazimishwa mapema hukamata penseli kwa ngumi, na mazoea hayo huwa magumu kuyaondoa. Mpe udongo wa kufinyanga, vibanio vya nguo vya kubana na kuachia, karatasi za kuchana, na chaki ya kuchorea ukutani akiwa amesimama, bega lifanye kazi. Mzazi akidai daftari lenye herufi, mwonyeshe michoro ya mwanawe ya Januari na ya Juni, ikiwa na tarehe.

Dhana: Darasa la watoto 60 haliwezi mambo haya.

Ukitazama watoto 4 kwa siku, siku 15 za shule zinatosha kulimaliza darasa. Fuata mchezo unaorudiwa na kundi, si wa mtoto mmoja mwenye sauti kubwa. Mipango mingi huharibika pale mwalimu anapong'ang'ania mada kwa sababu vifaa vyake ameshavitengeneza. Watoto wakianza kuihama kona baada ya dakika mbili tatu, au wakirudia jambo lilelile bila kuongeza kitu, kwanza badilisha kifaa kimoja: weka mizani, au "risiti" za kuchora. Wasipochangamka, mada imekwisha, hata kama wiki ndiyo kwanza Jumanne.