Meli ya askari: maana yake, na maisha ya tumboni mwake

Meli ya askari si manowari, ingawa wengi huzichanganya. Manowari imeundwa kupigana, na kila aliyemo ana kazi yake vita vikianza. Meli ya askari inasafirisha tu. Inapakia wanajeshi bandari hii na kuwashusha ile, na huko njiani wanajeshi hao ni abiria. Au tuseme kweli, ni shehena inayokula na kutapika. Hata kama imefungwa mzinga mmoja au miwili, ni wa kujihami tu.

Nyingi hazikuundwa kwa kazi hiyo. Vita vikizuka, serikali hukodi au hutwaa meli za abiria, hung'oa samani na kujaza watu. Queen Mary ilijengwa kwa abiria wapatao 2,000. Julai 1943 ilivuka Atlantiki kutoka New York ikiwa na watu 16,683, pamoja na mabaharia. Vitanda vya turubai vilipandana hadi sita, watu wakilala kwa zamu na kula mara mbili kwa siku. Kila askari alivaa beji ya rangi, nyekundu, nyeupe au ya bluu, na rangi hiyo ndiyo iliyomwambia sehemu yake ya meli.

Katika meli za Waingereza za kwenda India na Mashariki ya Mbali, askari wa kawaida hakuwa hata na kitanda. Alikuwa na machela ya turubai. Hebu piga picha ukumbi wa chini wenye meza ndefu zilizofungwa sakafuni, na dari imejaa kulabu. Mchana watu wanakula kwenye meza hizo. Usiku kila mmoja anatundika machela yake juu ya meza ileile, bega kwa bega na mwenzake, na asubuhi anaikunja ili chai ipite. Bahari ikichafuka, machela zote huyumba kwa pamoja kama popo kwenye mwembe, na aliyelevywa na bahari hana pa kuelekeza kinywa ila chini, kwenye meza ya chakula.

Kuoga ni kwa maji ya chumvi, na sabuni ya kawaida haitoi povu humo. Kufua, Waingereza waliita "dhobi", neno walilolichukua India, na ndilo dobi wetu huyuhuyu. Wakati wa vita, usiku madirisha hufungwa na kuzibwa mwanga usitoke, na joto la chini huko halisemeki. Sigara juu ya sitaha gizani ni marufuku. Hata takataka hazitupwi ovyo, kwa kuwa maganda yanayoelea humwonyesha adui njia mliyopita. Jaketi la kuokolea unalo saa zote. Ukilala ndilo mto wako.

Zamani farasi nao walisafirishwa katika meli hizi, na hao ndio waliopata taabu kuliko wote. Farasi umbile lake halimruhusu kutapika. Binadamu akitapika hupata nafuu kidogo. Farasi hubaki na kichefuchefu chake mpaka nchi kavu.

Neno "askari" hapa lina tabaka zake: maafisa juu kwenye vyumba, wengine chini. Ukitaka kujua tofauti hiyo ina uzito gani, angalia safari moja iliyoanzia kwetu.

Mwanzoni mwa Februari 1944, Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, ndani ya msafara wa meli tano za askari. Ilikuwa na historia ndefu: iliundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya Chile, ikauzwa Misri, kisha vita vikaipa kazi nyingine. Safari hii ilibeba watu 1,511. Karibu 1,000 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na wengine wanamaji wa Uingereza, wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Vijana wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) waliopelekwa upande wa Burma miaka ile wengi walitoka bara, na bahari waliiona kwa mara ya kwanza siku ya kupanda meli.

Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, ilikuwa Jumamosi mchana. Wengi walikuwa ndani, baadhi yao wakisikiliza muziki ukumbini, pale nyambizi ya Kijapani I-27 ilipoipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa dakika kama mbili. Dakika mbili ni muda wa kushuka ngazi ya ghorofa chache bila msongamano. Hao walitakiwa wapande, gizani, meli ikiwa imelala ubavu. Mashua za kuokolea zilikuwapo, lakini hapakuwa na wakati wa kuzishusha.

Kilichofuata ni kigumu kukisimulia. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakiogelea. Manowari mbili za ulinzi, Petard na Paladin, zilikuwa na meli nyingine za kulinda, na Petard ikadondosha mabomu ya kina, yale yanayolipuka chini ya maji, pale pale penye manusura. I-27 ilizamishwa hatimaye. Waliookoka Khedive Ismail ni wanaume 208 na wanawake sita. Waliokufa ni 1,297, zaidi ya nusu yao askari wa Afrika Mashariki. Makaburi hawana; majina ya wapiga mizinga hao yapo Nairobi, kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road.

Ndege ndizo zilizomaliza biashara hii. Uingereza iliacha safari zake za kawaida za meli za askari mwaka 1962. Lakini 1982, vita vya visiwa vya Falkland dhidi ya Argentina vilipozuka, ilitwaa tena meli za kifahari. Queen Elizabeth 2 ilibeba askari zaidi ya 3,000, mazulia yake yakiwa yamefunikwa kwa mbao nyembamba yasiharibiwe na mabuti. Leo imetia nanga Dubai, ni hoteli.