"Mwalimu, k si ni k tu?"

Likizo hii wamenijia wanne barazani kwangu hapa Mkomani, Lamu, wote wa kemia mwaka wa tatu, na wote na swali hilo hilo. Wa nne alinikuta chai yangu haijapoa. Sasa nimeandika, wa tano asome kwanza ndipo abishe hodi.

Wanachoshikilia ni kwamba joto likiwa lile lile, konstanti ya kasi, hiyo k, namba inayosema mmenyuko una wepesi gani, haibadiliki. Ndani ya bika, chombo cha maabara, sawa. Hata mmenyuko unaongojea chembe zitawanyike mpaka zikutane, hesabu ya mwanafizikia Smoluchowski ya 1917 inakupa k inayotulia baada ya kitambo kidogo. Lakini zifungie chembe hizo kwenye mstari mmoja, na k inazidi kushuka kadiri muda unavyokwenda.

Sababu ni kuzurura. Mwanahisabati Pólya alionyesha mwaka 1921 kwamba mzururaji wa kwenye mstari hana budi kurudi alikotoka. Mwenye pande tatu za kukimbilia (urefu, upana na kimo), uwezekano wake wa kurudi ni kama asilimia 34 tu. Chembe ya mstarini inakanyaga pale pale ilipokwisha kukanyaga, wala haikutani na wageni.

Chukua punda wa mitaa yetu. Wawili wenye mizigo wakikabiliana kichochoroni, hakuna wa kumpisha mwenzake. Tuseme kila wakikutana wanatoweka wote wawili (Mungu apishe mbali). Majirani watamalizana upesi, wabaki waliokaa mbalimbali, na mapengo yazidi kupanuka. Kwa muda t chembe imepekua umbali unaokwenda na kipeuo cha pili cha Dt (D ni kipimo cha wepesi wa kutawanyika), na aliyekuwemo humo kesha kwenda. Basi mkolezo, yaani wingi wa chembe zilizobaki, unapungua kinyume cha kipeuo cha pili cha muda. Kitabuni, kuufikisha nusu huku mmenyuko umeshakolea, unangoja mpaka muda uwe mara 2. Mstarini, mara 4.

Na kama chembe ni za aina mbili, A hutoweka na B tu, zimeanza idadi sawa na kuchanganywa ovyo? Mara 16! Kwa bahati nasibu mtaa mmoja unakuwa na A nyingi, wa pili B nyingi. Wachache wa kila mtaa wakiisha, zinabaki kambi tupu zinazogusana mipakani. Wanafizikia Ovchinnikov na Zeldovich waliliona mwaka 1978, Toussaint na Wilczek wakalifafanua mwaka 1983.

Anayenichosha kuliko wote ni yule anayepata oda 3 (kasi inayokwenda na mkolezo kwa kipeo cha tatu) kwenye grafu yake ya A na A, chembe za aina moja, kisha anatangaza molekuli tatu zimegongana kwa pamoja. Tatu wapi? Zimekutana mbili, kama siku zote. Hiyo 3 imezaliwa na kile kipeuo cha pili: kokotoa kasi ya mkolezo unaoshuka hivyo, uone kama hailingani na mkolezo kwa kipeo cha tatu. Nimesema mpaka sauti imekauka: chora logi ya mkolezo dhidi ya logi ya muda kabla hujagusa fomula yoyote. Mteremko wa mwishoni ukiwa -1, kitabu chako kinatosha. Ukiwa -0.5, kifunge.

"Si nikoroge tu?" Kichochoroni utakoroga nini, mwanangu?

"Umbali mara mbili, muda mara mbili." La, mara nne. Molekuli ndogo majini huvuka mikromita 1 kwa kama nusu ya milisekunde. Sentimita 1 itaichukua karibu saa 14.

"Hizo hesabu za karatasini." Fuwele iitwayo TMMC ina minyororo ya manganizi, na eksitoni, vifurushi vya nishati, hurukaruka zikifuata mnyororo ule ule, zikikutana mbili, inabaki moja. Waliopima mwaka 1993 walipata mteremko wa karibu -0.5.

Asiyeridhika alete kokoto 20, azipange kwenye mstari wa vigae vya baraza, kila moja airushie sarafu: kichwa kulia, nyuma kushoto. Zikigusana, aziondoe. Ahesabu mwenyewe, chai nitatia mimi.