Taa nyekundu na bodaboda

Hii ya kwamba taa nyekundu ni ya magari, boda ukiona peupe unapita, imezoeleka Dar mpaka abiria nao wanaiamini, anakugonga begani "pita tu kaka". Sio kweli bana. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 haijawatoa bodaboda, taa inakuhusu kama inavyomhusu dereva wa fuso, labda trafiki mwenyewe akupungie upite. Halafu hiyo peupe ndo inadanganya, umepenya mpaka mbele pale Magomeni, daladala imekuziba kulia huoni kitu, kumbe upande wa pili kijani imeshawaka mtu anakuja na spidi yake, we huna bodi huna mkanda, helmeti yenyewe umeitundika kwenye saiti mira.