Baiskeli Kwenye Njia za Reli za Zamani: Yanayodhaniwa na Yalivyo

"Njia ile ni tambarare, hata mtoto ataimaliza bila jasho." Dhana hii, kuhusu njia za baiskeli zilizotengenezwa mahali palipong'olewa reli, huharibu safari nyingi za familia, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki vizuri mlimani, hivyo wajenzi walilazimika kupunguza mwinuko. Mara nyingi hauzidi mita 2 kwa kila mita 100. Mlima usiozungukika waliutoboa, bonde wakalijengea daraja. Ndiyo maana babu, mjukuu na rafiki asiyezoea baiskeli wanaweza kwenda pamoja, na mimi sijui mchezo mwingine unaowakutanisha watu wa rika zote namna hii.

Lakini mwinuko mdogo ukiendelea kwa saa nzima, miguu huuhisi hata kama macho hayauoni. Chukua njia ya Great Allegheny Passage huko Marekani, takriban kilomita 240 kati ya Pittsburgh na Cumberland. Kilele chake kiko mita 729 juu ya usawa wa bahari. Ukianzia Cumberland, unapanda zaidi ya mita 500 katika kilomita zisizofika 40. Ukianzia Pittsburgh, unakifikia kilele hichohicho polepole, kwa kilomita kama 200. Kwa hiyo msiulize urefu wa njia tu. Ulizeni pia mtaanzia upande gani, na upepo unatokea wapi.

Tena mahali tambarare hapana mteremko wa kupumzikia. Unakanyaga pedeli muda wote, umekaa vilevile, na makalio huchoka kabla ya mapaja. Simameni mara kwa mara. Mwendo aupange aliye mnyonge kuliko wote, naye mwenye nguvu abebe maji, pampu na viraka.

"Handakini tutamulika kwa simu." Hapana! Anayeshika simu kwa mkono mmoja amebakiwa na breki moja. Njia ya Route of the Hiawatha, mpakani mwa majimbo ya Idaho na Montana huko Marekani, ina handaki la takriban kilomita 2.7: giza totoro, baridi hata wakati wa kiangazi, maji yakidondoka kutoka juu. Huko taa na helmeti ni lazima. Kila mmoja awe na taa yake, imefungwa kwenye usukani, na koti jepesi. Kwenye njia ya Elroy-Sparta huko Wisconsin, yenye mahandaki matatu, watu hushuka na kusukuma baiskeli wakiwa ndani. Mtoto anayeogopa giza aambiwe mapema, asishtukizwe mlangoni.

"Hakuna magari, watoto waachiwe tu." Hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Njia hizi bado hukatana na barabara. Enzi za treni, gari ndilo lililosimama kuipisha. Leo, mara nyingi, mwenye baiskeli ndiye anayetakiwa kusimama. Mtoto aliyeendesha muda mrefu bila kuona gari hata moja husahau kabisa kuangalia kushoto na kulia. Mtu mzima mmoja atangulie, mwingine afunge msafara, na kundi lote likutane kabla ya kila kivuko. Mkimkuta mpanda farasi, punguzeni mwendo na mwongee naye kwa sauti ya kawaida. Kengele ya ghafla nyuma ya farasi humshtua.

"Lazima uwe na baiskeli ya bei kubwa." Si lazima. Njia nyingi zimemwagiwa kokoto ndogo zilizoshindiliwa, na tairi pana kiasi pamoja na breki nzima vinatosha. Matairi membamba ya mashindano ndiyo yanayoteseka.

"Reli ikifungwa, vijiji vyake navyo vimekwisha, kwa hiyo bebeni kila kitu." Reli ya Otago Central huko New Zealand ilifungwa mwaka 1990. Mwaka 2000 ikafunguliwa upya kuwa njia ya baiskeli, miguu na farasi, kilomita 152 kutoka Middlemarch hadi Clyde, na wasafiri hao wakavipa vijiji vya njiani riziki mpya: nyumba za wageni, migahawa, maduka ya kukodisha baiskeli. Chakula cha siku tatu hakina haja ya kubebwa. Maji ya kufika kituo kinachofuata ni lazima, na malazi yawekewe nafasi mapema, maana kijiji kidogo hakina vitanda vya kundi zima linalofika jioni bila taarifa.