Kutia sahihi rasimu si kuahidi kura

Kila msimu wa mikutano ya wanafunzi ya kuigiza diplomasia, ujumbe uleule huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Kisumu na Nakuru: ukitia sahihi rasimu ya azimio, lazima uipigie kura ya ndiyo.

Si kweli. Wadhamini wa rasimu ndio walioiandika, na hutarajiwa kuitetea. Mtia sahihi anasema tu kwamba rasimu inafaa kujadiliwa. Mikutano mingi hudai idadi fulani ya sahihi kabla mwenyekiti hajaipokea. Kiwango kikiwa 1/5, ukumbi wa wajumbe 40 unahitaji majina 8. Baadaye una uhuru wa kuipinga.

Mkanganyiko unaeleweka. Kwetu, aliyetia sahihi fomu ya mkopo wa chama amejifunga. Isitoshe, katika diplomasia halisi nchi inayoweka jina kwenye rasimu kwa kawaida huiunga mkono.

Fungua kijitabu cha kanuni za mkutano wako, sehemu ya maazimio. Kikinyamaza, muulize mwenyekiti kabla ya kikao. Nimeona mjumbe wa kidato cha pili akirudisha kalamu mfukoni kwa hofu, na rasimu nzuri ikakosa jina moja tu. Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.